Mashine tatu za kuchapa na fundi mmoja wa Makoroboi

Kidole cha mwisho cha mkono wangu wa kushoto ndicho kilichonipeleka kwa fundi huyu. Anayechapa Kiswahili kwa vidole kumi atanielewa upesi. Herufi A iko chini ya kidole hicho, kidogo na dhaifu kuliko vyote, na Kiswahili hakipigi hatua mbili bila A. Chapa "wamekaa", chapa "Nyamagana", kisha uhesabu. Waliopanga zile safu za herufi huko Marekani miaka ya 1870 walikuwa na Kiingereza kichwani. Mashine ikianza kuwa nzito, sisi tunajua siku hiyohiyo, kwenye kidole kile, na ikifika jioni maumivu yameshapanda hadi kwenye kiwiko.

Mimi ni katibu muhtasi mstaafu. Nilisomea Chuo cha Uhazili Tabora, enzi za kuchapa mikono imefunikwa kitambaa huku mwalimu akigonga meza kwa rula ili darasa zima liende mwendo mmoja. Baadaye nikatumika miaka 27 katika ofisi za ushirika wa pamba hapa Kanda ya Ziwa. Kompyuta ninayo nyumbani na ninaitumia. Lakini fomu iliyokwisha pigwa chapa, yenye mistari ya kujaza, hujazwa vizuri na taipureta, na bahasha vilevile. Majirani wakija kuandikiwa muhtasari wa kikoba au makubaliano ya kuuziana kiwanja, naweka karatasi tatu na kaboni mbili, na kila upande unaondoka na nakala iliyotokana na pigo lilelile. Nimeona watu waliokuja wamenuniana wakitulia kwa sababu hiyo tu.

Nina mashine tatu, zote za kubeba mkononi. Ya kwanza ni Olivetti Lettera 32 ya Kiitaliano, rangi yake buluu iliyoingiliana na kijani, niliyoinunua ofisini walipouza vifaa vya zamani. Ya pili ni Olympia SM9 ya Ujerumani Magharibi, niliyoachiwa na mtawa wa Kijerumani alipokuwa anarudi kwao. Ya tatu ni Brother Deluxe ya Kijapani, ambayo marehemu mume wangu aliinunua kwa mwalimu mwenzake. Mwaka jana zote tatu zilikuwa zimelala, kila moja na ugonjwa wake.

Nianze na kosa lililotangulia, maana ndilo lililonifundisha kumpima fundi. Lettera ilipoanza kuwa nzito niliipeleka kwa mtu mmoja anayetengeneza mashine za ofisi, siye huyu ninayeandika habari zake leo. Akaipulizia mafuta ya kopo kila mahali, akanirudishia baada ya dakika 10, nikalipa shilingi 15,000. Siku tatu za mwanzo ilikuwa inateleza vizuri mno, nikarudi kumshukuru. Wiki ya pili A ikawa inapanda na kuchelewa kushuka. Kufika mwisho wa mwezi, herufi tano zilikuwa zinabaki hewani na mimi naziteremsha kwa mkono, moja moja.

Na kuna usiku niliiacha wazi karibu na dirisha, taa inawaka. Anayeishi karibu na maji anawajua wale wadudu wadogo wa ziwani: wanatoka kama moshi kutoka upande wa maji, wanafuata mwanga, asubuhi unawazoa kwa ufagio na kizoleo. Mafuta yakawanasa, yakanasa na vumbi la mawe yetu ya Mwanza, vikagandamana mle ndani kama gundi. Kufunika mashine ulikuwa wajibu wangu, na hilo silitupi kwa mtu mwingine. Lakini wadudu wakavu hupeperushwa kwa pumzi. Mafuta ndiyo yaliyowafanya wakae.

Fundi niliyemwendea baadaye yuko barazani, mitaa ya Makoroboi, katikati ya maduka ya vitambaa. Kazi yake ya kila siku ni kutengeneza cherehani. Hana kibao kinachosema anagusa taipureta. Utaona vichwa vya cherehani vimepangwa sakafuni, makopo ya skrubu, na kijana anayejifunza kazi. Mshonaji wangu ndiye aliyenielekeza. Nilipofika alinisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, nikaitikia, na kabla sijaanza kueleza akanyoosha mikono apokee mashine.

Hakushika bisibisi. Alitia karatasi, akachapa "mamamama" polepole mstari mzima huku ameinamisha sikio. Mstari wa pili akachapa vilevile lakini haraka. Halafu akailaza mashine chali, akawasha tochi ya simu na kumulika ndani, kwenye kile chuma kilichochongwa kama kitana ambamo vikono vyote vya herufi vimejipanga mfano wa mbavu za samaki.

"Nani ametia mafuta humu?"

Nikamweleza.

"Mayu, mafuta ni chakula cha vumbi. Hapa panataka usafi, basi."

Kwa wasioijua mashine kwa ndani: kila herufi iko kwenye ncha ya kikono cha chuma, na shina la kikono hicho linakaa katika mfereji mwembamba. Ukibonyeza, kikono kinapanda na kugonga riboni. Ukiachia, kinarudi kwa uzito wake na kwa springi ndogo. Nafasi kati ya kikono na kuta za mfereji wake ni finyu sana, hivyo mafuta kidogo yaliyoganda yanatosha kukishikilia. Mahali hapo paachwe pakavu. Mafuta ya cherehani, tone moja, yanafaa kwenye reli unapotembelea mkokoteni wa juu, kile kipande kinachobeba karatasi na kusogea kushoto kila unapochapa, na hata huko unafuta yanayozidi.

Alifungua kava, akaitoa mashine nje ya baraza, mbali na mama muuza chai na jiko lake la mkaa. Akaiinamisha ili uchafu udondoke nje usizame ndani zaidi. Kwanza mswaki mkavu. Kisha waiti spiriti, ile ya mafundi rangi, kidogo kidogo kwa mswaki, huku kijana wake anabonyeza vitufe kimoja baada ya kingine ili kila kikono kitembee ndani ya mfereji wake. Mara ya kwanza yalitiririka maji meusi mazito, na ndani yake niliziona mbawa za wale wadudu. Mara ya pili yakawa rangi ya chai. Mara ya tatu yalipotoka meupe, kijana akaikimbiza mashine kwa mziba pancha wa jirani ikapulizwe upepo wa kompresa.

Halafu akakaa chini na pini kusafisha nyuso za herufi. Nilisogea kuangalia, na kitu nilichokiona hapo sijakisahau. Tumbo la A lilikuwa limezibwa kabisa na wino uliochanganyika na nyuzi za riboni, na ukingo wake umelika, umekuwa butu. E na O zilikuwa na hali hiyo kwa kiasi. Q na X zilikuwa zinang'aa kama siku zilipotoka kiwandani. Miaka yote hiyo ya barua, mihutasari, na orodha za wakulima, na herufi mbili hazijafanya kazi. Mashine ilikuwa na kumbukumbu ya Kiswahili kwenye chuma chake.

Mafuta hakutia, isipokuwa tone kila upande wa reli. Nililipa 25,000. Nilipofika nyumbani nilichapa kurasa mbili mfululizo, na A ilikuwa inaanguka yenyewe kabla kidole hakijainuka vizuri. Hadi leo inakaribia mwaka, na masika yamepita juu yake.

Olympia ilikuwa na tatizo jingine kabisa. Vitufe vilikuwa vyepesi, herufi zinapanda na kushuka vizuri, ila zote zinagonga mahali pamoja, juu ya nyingine, mpaka karatasi inatoboka. Mkokoteni hausogei. Fundi akautikisa mara moja akasema kamba imekatika. Ndani ya mashine hizi, upande wa nyuma, kuna kijingoma chenye springi iliyojikunja, na kutoka kwenye kijingoma hicho kamba imefungwa kwenye ncha ya mkokoteni. Springi inauvuta mkokoteni kwenda kushoto wakati wote. Kinachouzuia ni gurudumu la meno linaloachia jino moja kila unapobonyeza herufi. Unaporudisha mkokoteni kulia kuanza mstari mpya, mkono wako ndio unaoijaza springi nguvu. Kamba ikikatika, uzima wote umekwisha, japo hakuna kilichoharibika.

"Nenda maduka ya nyavu," akaniambia. "Nunua mshipi wa kusuka. Ule wa plastiki unaong'aa usiniletee."

Nikapanda daladala hadi Kirumba, mwaloni. Maduka ya zana za uvuvi pale nayapita tangu ujana wangu nikienda kununua dagaa, sikuwahi kuingia hata moja. Muuzaji alinionyesha aina mbili na sababu ya fundi ikajieleza mkononi mwangu. Wa plastiki ukiuvuta unanyumbuka, na ukiuachia unajikunja upya kama ulivyokuwa kwenye kigurudumu chake. Wa kusuka umelala tu, na ukiuvuta haurefuki. Kamba ya taipureta inapita kwenye kona na kuzunguka kijingoma maelfu ya mara, hivyo inataka kitu cha namna hiyo. Nilipomwambia ni wa nini, muuzaji akakata mita mbili na kukataa pesa.

Kuufunga hakukuchukua hata robo saa. Muda uliliwa na springi. Fundi alizungusha kijingoma mizunguko michache, akafunga kamba, akasukuma mkokoteni hadi karibu na mwisho wa mstari, ambako springi imeshachoka, akachapa. Ukasita. Akaongeza nusu mzunguko. Akachapa tena hadi kengele ikalia, na zaidi ya kengele, herufi baada ya herufi, ukaenda bila kusita. Hapo akaacha. Nilimwomba aongeze kidogo uwe na nguvu, akakataa. Ukizidisha, alisema, kurudisha mkokoteni kunakuwa kama kuvuta wavu uliojaa, na yale meno yanalika kabla ya wakati.

Olympia ilikuwa na ugonjwa wa pili ambao sikuujua. Kati ya mwili wa mashine na ganda lake kuna vipira vya kupunguza mtetemo, na vyangu vilikuwa vimegeuka makombo meusi. Ukiona Olympia ya zamani mkokoteni wake unakwaruza kava, angalia vipira hivyo kabla ya kufikiri kwamba chuma kimepinda. Ni maradhi ya kawaida ya mashine hizi. Alichonga vipya kutoka kwenye washa za mpira za bomba la maji, na mwili ukainuka mahali pake. Kazi yote 30,000.

Kuna jambo moja alilokataa kulifanya, na ndilo lililonifanya nimwamini kuliko yote. Olympia yangu ina mpangilio wa Kijerumani, Y na Z zimebadilishana nafasi. Vidole vyangu vimezoea vingine. "Kazi" inatoka "kayi", hiyo utaiona na kuirekebisha. Hatari iko kwingine. Ukikusudia "pikipiki yake", inatoka "pikipiki zake", na jicho linapita bila kushtuka kwa sababu ni Kiswahili safi. Niliwahi kuchapa makubaliano ya mauziano, pikipiki moja ikawa pikipiki nyingi, na aliyeligundua ni mnunuzi, wino wa kidole gumba umeshafunguliwa. Nilikunja karatasi zote nne, nikaanza upya, moyo unanidunda. Kwa hiyo nilimwomba fundi abadilishe herufi hizo mbili. Aliangalia kwa tochi muda mrefu. Zimechomelewa kwa risasi kwenye ncha ya kikono, akasema. Kuzitoa naweza, ila kuzirudisha zikae usawa uleule na wenzake bila kipimo cha kiwandani siwezi kukuahidi. Ningemlipa 20,000 papo hapo na alijua hivyo.

Brother sitaisema kirefu, kwa kuwa haikumsumbua. Aliipokea kwa furaha ya pekee. Kampuni hiyo ya Nagoya ilianza na cherehani, taipureta ndogo ilianza kuziunda mwaka 1961, na fundi aliizungusha huku na huku akisema, "Hii ni ya ukoo wangu." Karatasi ilikuwa inateleza na kuingia upande, kwa sababu virola vidogo vilivyo chini ya rola kubwa vilikuwa vimekauka na kupata bapa upande mmoja. Ni mashine iliyokaa miaka imebana rola zake bila kulegezwa. Akavua mpira wa zamani, akavisha kipande cha mpira wa petroli wa pikipiki. Herufi kubwa pia zilikuwa zimepanda juu ya mstari; hilo alilimaliza kwa skrubu mbili za kuzuia, moja ya juu na moja ya chini. 20,000.

Sasa niziweke mezani zote tatu zikiwa na afya, maana naulizwa sana ni ipi mtu anunue akiiona mnadani.

Kipimo changu ni majina ya Wasukuma. Nimechapa orodha za wakulima maisha yangu yote ya kazi, kina Ng'wandu na kina Ng'washi, ukurasa baada ya ukurasa, na nasema jina hilo ndilo mtihani mgumu kuliko wote kwa mashine. N iko upande wa mkono wa kulia, kwa hiyo shifti unaibonyeza kwa kidole cha mwisho cha kushoto. Unachapa g. Ritifaa, ile alama inayofuata g, kwenye Lettera yangu na kwenye Brother iko juu ya 8, nayo ni upande wa kulia, kwa hiyo shifti tena kwa kidole kilekile. Unachapa w. Halafu A, kidole kilekile. Mara tatu katika silabi moja! Vyeo vyetu navyo vina tabia hiyohiyo: Mwenyekiti, Mheshimiwa, Mjumbe, Ndugu, M na N tupu.

Hapo ndipo Brother inapoachwa. Ukibonyeza shifti yake, unainua mkokoteni mzima na rola na karatasi, kwa kidole kile. Kwenye Lettera na kwenye SM9 mkokoteni unakaa palepale. Kinachoshuka ni kile kitana na herufi zake, na uzito wake ni mdogo. Baada ya majina 40 kwenye Brother nilikuwa nauma midomo. Kwenye Olympia nilifika 100 nikaendelea. Brother ni mashine imara, mstari wake umenyooka, na kwa anayechapa kwa vidole viwili vya shahada tofauti hii haitamhusu hata kidogo. Mimi siichagui.

Kati ya zile mbili nilisumbuka. Lettera ni nyepesi, nyembamba, inaingia kwenye mkoba wake wa zipu na unaipakata kwenye daladala kutoka Kirumba hadi Nyegezi bila kumkera aliyekaa pembeni. Aliyeibuni, Marcello Nizzoli, ndiye aliyebuni pia Lettera 22 iliyoitangulia, ile iliyopata tuzo ya Compasso d'Oro mwaka 1954. Hii 32 ilifuata mwaka 1963, na ukiitazama unaona hakuna kilichozidi. Kwenye hii yangu hata 1 haimo, unachapa l ndogo. Alama ya mshangao unaitengeneza mwenyewe: ritifaa, rudi nyuma, nukta. Vitufe vyake vinataka pigo fupi na kali. Ukiwa umechoka, ukabonyeza kwa uvivu, herufi inatoka nusu.

Olympia haijali uchovu wako. Ni nzito, sikuficha; kuibeba kutoka Makoroboi hadi kituoni nilisimama mara mbili. Lakini kitufe chake kinaanza laini, na katikati ya safari unahisi mashine imeipokea kazi na kuimalizia yenyewe. A inatoka nyeusi sawa na herufi za kidole cha shahada. Hilo sijaliona kwenye mashine nyingine ya kubeba mkononi. Nilijaribu karatasi nne na kaboni tatu: nakala ya mwisho ya Olympia inasomeka hata na mzee mwenye miwani, ya Lettera inasomeka ukiipeleka dirishani, ya Brother iko katikati.

Kwa hiyo Olympia ndiyo bora, nami sijutii kusema hivyo. Barua zangu zote nachapa kwayo. Ila mikataba, wosia, na chochote chenye "yake" na "zake" ndani yake nachapa kwa Lettera, na nitaendelea hivyo. Ukipata SM9 yenye mpangilio wa Kiingereza, usiiache mnadani hata ikibidi ukope.

Yasiyoniridhisha kwa fundi nayo niyaseme. Aliniahidi Olympia baada ya wiki moja, ikachukua wiki tatu na siku mbili. Ilikuwa Desemba, washonaji wote wa mji wanashona nguo za sikukuu na baada ya hapo sare za shule, na cherehani iliyolala mwezi huo ni njaa ya mtu, hivyo taipureta inasubiri. Namwelewa, lakini angeniambia mwanzoni. Hatoi risiti, anaandika jina lako na kiasi kwenye kipande cha boksi, na kipande hicho ndicho ushahidi wako. Brother ilirudi na skrubu moja ya kava ambayo si yake, imetiwa ya cherehani. Inashika, lakini naiona kila siku.

Rola kubwa pia haiwezi. Mpira wa rola ya Lettera umekuwa mgumu kama mfupa, nukta inatoboa karatasi na O inakata vijiduara vinavyoanguka mezani. Alinieleza waziwazi kwamba hana mashine ya kuvika rola mpira mpya, akanishauri niweke karatasi ya pili nyuma ya ile ninayochapa. Nafanya hivyo. Kelele imepungua na vitobo vimeisha, ingawa karatasi ya nyuma inabidi kuibadilisha kila baada ya siku chache.

Riboni usitegemee kuikuta kwake. Mashine zangu zote zinakula ya upana wa nusu inchi, na nikikosa iliyo kwenye vigurudumu vyake nahamisha riboni ya mashine ya hesabu kwenye vigurudumu vya zamani. Vigurudumu vya asili usivitupe kamwe. Angalia pia karibu na ncha za riboni kama kuna kijicho cha chuma, kwa sababu hicho ndicho kinachogonga uma mdogo na kuigeuza riboni irudi ilikotoka. Riboni ya mashine ya hesabu mara nyingi haina, ikifika mwisho inakwama, na utadhani mashine imeharibika. Fundi alinibania pini ya stepla mahali hapo, akaipondaponda ilale bapa, na inageuka vizuri. Kurudishia wino kwa wino wa mhuri nilijaribu mara moja. Herufi zilitoka zambarau na kupaka kila kidole kilichogusa barua, nikaitupa riboni nzima.

Ukienda, nenda kati ya Februari na Oktoba, asubuhi kabla jua halijafika barazani, kwa kuwa anapenda kumulika ndani ya mashine kukiwa na kivuli. Chukua mashine pamoja na kasha lake, na riboni yako, na karatasi mbili tatu za kujaribia, maana hana karatasi. Mwambie ukweli kama kuna mtu aliipulizia mafuta. Atachapa "mamamama" kwanza. Usimharakishe hapo, na usiongee, anasikiliza.